Dar, Muscat na London kwenye mechi moja: mwongozo kamili wa kupambana na lagi ya umbali

Swali linarudi kila mara, na ni lilelile: kwa nini gemu inachelewa (lagi) hata ukiwa na bando kubwa? Mtu amenunua bando kubwa, video zinafunguka papo hapo, lakini akiingia kwenye mechi na nduguye aliye Muscat au London mchezaji wake anachelewa kugeuka, risasi zinapita hewani na anatolewa kabla hajamwona adui. Anaongeza bando lingine kubwa zaidi. Hela inakwenda, lagi inabaki.

Bando linakuuzia wingi wa data zinazoweza kupita kwa sekunde. Lagi ni suala la muda: unabonyeza kitufe, taarifa inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, jibu linarudi kwako. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio pingi, na hupimwa kwa milisekunde. Gemu nyingi za mashindano hutuma data kidogo sana, kiasi kwamba laini ya kawaida ya 4G inazitosha na kubaki. Kuongeza bando ni kutibu ugonjwa ambao huna.

Sehemu ya pingi inatokana na umbali, na hiyo hakuna fedha wala programu itakayoiondoa. Sehemu nyingine inatokana na njia mbovu, na nyingine iko sebuleni kwako. Hatua zilizo hapa chini zinatenganisha hizo tatu, ili ushughulikie inayoshughulikika. Zifuate kwa mpangilio. Wengi wanaoshindwa huanza na hatua ya tano.

## Unachohitaji

- Kompyuta yoyote. Simu ya Android nayo inafaa ukiweka programu ya Termux.
- Waya wa mtandao wa kuunganisha kompyuta au konsoli yako na rauta.
- Ramani ya mtandaoni yenye kipimo cha umbali, kama Google Maps.
- Orodha ya miji wanakokaa wachezaji wote wa kundi lenu, na orodha ya miji yenye seva za gemu yenu.
- Daftari.
- Nusu saa katika muda uleule mnaocheza. Vipimo vya saa nne asubuhi havikuambii chochote kuhusu saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Kabla ya kuanza, hakikisha tatizo ni mtandao kweli. Washa kipimo cha pingi ndani ya gemu. Kama picha inakwama huku pingi imetulia, kifaa ndicho kimechoka: simu imepata moto au kumbukumbu imejaa. Mwongozo huu hautakusaidia kwa hilo.

## Hatua ya 1: Kokotoa kima cha chini cha pingi

Ndani ya waya wa faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili ya kasi yake angani. Hii ina maana kwamba kila kilomita 100 kati yako na seva zinakula milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Hesabu ni rahisi: pima kilomita kwenye ramani, gawanya kwa 100.

Kutoka Dar es Salaam:

- Johannesburg, km 2,500 hivi: milisekunde 25
- Dubai, km 4,000 hivi: milisekunde 40
- Frankfurt, km 7,000 hivi: milisekunde 70
- London, km 7,500 hivi: milisekunde 75

Hizi ni namba ambazo hakuna mtu atakayezishinda. Ukiona programu inayoahidi pingi ya 20 kutoka Dar hadi London, ifute.

Namba hizi pia si za kutarajia kama zilivyo, kwa sababu ramani inapiga mstari ulionyooka na mkongo wa baharini, yaani waya wa faiba uliolazwa chini ya bahari, haunyooki. Data ya kwenda Ulaya kwa njia ya kaskazini hufuata pwani hadi Pembe ya Afrika, hupanda Bahari ya Shamu, hukatiza Misri na kuibukia Mediterania. Juu ya hapo kuna vituo vya kupokelea na kupeleka, na kila kimoja kinaongeza kidogo. Kanuni ninayoitumia mimi: zidisha kima cha chini mara mbili, kisha ongeza 30 kama unatumia mtandao wa simu. Pingi yako ikiwa chini ya hapo, ridhika nayo. Ikizidi mara tatu ya kima cha chini, ukiongeza 30 hiyohiyo kama uko kwenye mtandao wa simu, kuna kitu cha kutafuta.

Umefanikiwa ukiwa na: namba mbili kando ya kila seva daftarini, ya chini kabisa na ya kuridhisha.

## Hatua ya 2: Safisha nyumbani kwanza

Tafuta anwani ya rauta yako. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig` na usome mstari wa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Kisha andika:

`ping -n 100 192.168.1.1`

Kwenye Mac, Linux au Termux tumia `-c` badala ya `-n`.

Kwa waya unatakiwa kuona milisekunde 1 au chini ya hapo, kila mara. Kwa Wi-Fi nzuri, kati ya 2 na 10. Ukiona 4, halafu 90, halafu 12, halafu 210, umeshampata mwizi wa kwanza, naye hajatoka hata nje ya mlango. Hakuna seva duniani itakayofidia hilo.

Tiba bora ni waya. Kama haiwezekani, hamia kwenye masafa ya 5 GHz na ukae chumba kimoja na rauta. Onyo kwa wenye nyumba za kuta nene, kama zile za mawe za Mji Mkongwe au Lamu: 5 GHz hupenya ukuta kwa shida kuliko 2.4 GHz, kwa hiyo ukiwa chumba cha pili unaweza kuharibu zaidi. Sogeza rauta, usiishie kubadili masafa.

Sasa rudia kipimo, safari hii ukipima anwani ya nje kama `8.8.8.8`, huku mtu mwingine ndani ya nyumba akipandisha video au simu yake ikihifadhi picha mtandaoni. Pingi ikiruka kutoka 40 hadi 400, data zinapanga foleni ndani ya rauta na taarifa za gemu yako zimekwama nyuma ya picha za harusi. Rauta nyingi zina sehemu ya kuweka kipaumbele kwa kifaa fulani au kubana kasi ya kupandisha data. Ibane hadi asilimia 85 hivi ya uwezo wa laini yako. Rauta isipokuwa na sehemu hiyo, kubalianeni nyumbani kwamba muda wa mechi hakuna anayepandisha kitu kikubwa.

Umefanikiwa ukiwa na: vipimo 100 hadi kwenye rauta bila kupotea hata kimoja, na pingi ya nje isiyoruka mtu mwingine akitumia mtandao.

## Hatua ya 3: Pima hadi kwenye mji wa seva

Gemu nyingi huonyesha pingi ya kila ukanda kwenye mipangilio; Fortnite, kwa mfano, huiandika kando ya jina la kila ukanda. Anza hapo. Kama gemu yako haionyeshi, pima vituo vya kompyuta vilivyo katika mji huo au jirani yake. Anwani hizi tatu za Amazon zinafaa kwa ukanda wetu:

- Cape Town: `ping -n 100 dynamodb.af-south-1.amazonaws.com`
- Falme za Kiarabu: `ping -n 100 dynamodb.me-central-1.amazonaws.com`
- Frankfurt: `ping -n 100 dynamodb.eu-central-1.amazonaws.com`

Anwani isipojibu kabisa, huenda imezuia vipimo vya aina hii. Jaribu nyingine kabla ya kumpigia mtoa huduma.

Andika vitu vitatu: wastani, tofauti kati ya kipimo kidogo na kikubwa, na vilivyopotea. Watu husoma wastani tu, na hapo ndipo wanapodanganyika. Pingi ya 120 iliyotulia inachezeka vizuri kuliko ya 70 inayoruka hadi 200 kila baada ya sekunde chache. Gemu inaweza kuzoea ucheleweshaji unaotabirika: seva hurudisha saa nyuma kidogo na kukubali kwamba ulimlenga adui pale ulipomwona. Ucheleweshaji unaopanda na kushuka unaivuruga hesabu hiyo, na hapo ndipo unapoona wachezaji wanarukaruka.

Umefanikiwa ukiwa na: upotevu wa sifuri, na tofauti isiyozidi 20 au 30 kati ya kidogo na kikubwa. Upotevu ukifika asilimia 1 utausikia mkononi.

## Hatua ya 4: Fuatilia njia ambayo data yako inapita

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo yenye majibu. Kwenye Windows andika `tracert` kisha anwani. Kwenye Mac na Linux andika `traceroute`. Utapata orodha ya vituo vyote kutoka kwako hadi mwisho wa safari, na muda wa kufika kwenye kila kimoja.

Soma majina ya vituo. Wahandisi wa mitandao hupenda kuyapachika vifupisho vya miji, mara nyingi vya viwanja vya ndege: nbo ni Nairobi, dar ni Dar es Salaam, mba ni Mombasa, jnb ni Johannesburg, mrs ni Marseille, fra ni Frankfurt, lon au lhr ni London. Halafu tafuta mahali namba inaporuka ghafla. Kutoka 35 hadi 140 kwa kituo kimoja maana yake data yako imevuka bahari hapo.

Kinachotafutwa ni mzunguko usio na sababu. Kuna mkongo wa TEAMS unaotoka Mombasa moja kwa moja hadi Fujairah, karibu kilomita 5,000, na umekuwepo tangu 2009. Kwa hiyo safari ya Kenya kwenda Ghuba ina njia fupi. Lakini mtoa huduma wako hupitisha data pale alipo na mkataba, na mkataba wake unaweza kuwa Ulaya. Hapo data inayotoka Dar kwenda Dubai hupanda hadi Marseille halafu ikashuka tena. Hesabu ya mstari ulionyooka tu, Dar hadi Marseille na Marseille hadi Dubai, inazidi kilomita 11,000. Kima chako cha chini kimepanda kutoka 40 hadi 115 na bado hujafanya kosa lolote.

Jambo hilohilo hutokea kwa majirani. Kutoka Dar hadi Nairobi ni kilomita 670 hivi, milisekunde 7 kwa hesabu. Lakini kama watoa huduma wa pande mbili hawakutani kwenye ukanda huu, data yao hukutana ng'ambo. Vituo vya kubadilishana data kama TIX cha Dar es Salaam, KIXP cha Kenya, UIXP cha Uganda na RINEX cha Rwanda vilianzishwa kuzuia hasara hiyo. Kila mtoa huduma anayejiunga na kituo cha namna hiyo anawapunguzia wachezaji wa nchi yake pingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Maonyo mawili ya kusoma orodha hii. Nyota badala ya namba hazimaanishi hitilafu. Kituo hicho kimekataa tu kujibu. Na kituo cha katikati kikionyesha 300 huku vinavyofuata vikionyesha 90, hakuna tatizo hapo: vituo vingi hupitisha data kwanza na kujibu vipimo baadaye. Ucheleweshaji wa kweli ni ule unaoanza mahali na kuendelea hadi mwisho.

Hifadhi nakala ya orodha ya siku nzuri. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, na Mei 12 mwaka huohuo mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika upande wa kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hizo data hutafuta njia ndefu na pingi hupanda kwa kila mtu. Ukiwa na nakala ya kulinganisha utajua kwa dakika mbili kama tatizo ni lako au la bahari, na hutapoteza usiku ukifungua na kufunga rauta.

Ukikuta mzunguko, azima laini ya mtandao mwingine, washa hotspoti, rudia tracert ileile. Tofauti ya 60 au 80 kati ya watoa huduma wawili wa mji mmoja inawezekana kabisa. Kisha mwandikie mtoa huduma wako ukiambatanisha orodha zote mbili, saa ya kipimo na jina la mji wa seva. Malalamiko ya "mtandao wenu uko slo" huishia kwa mtu wa kwanza aliyepokea. Orodha ya vituo ina nafasi ya kumfikia mhandisi.

Umefanikiwa ukiwa na: uhakika kama njia yako imenyooka au inazunguka, na inazunguka wapi.

## Hatua ya 5: Chagueni seva ya kundi zima

Sasa tuchukue kundi la kichwa cha habari: mmoja Dar, mmoja Muscat, mmoja London. Kwa kima cha chini:

- Seva ya Dubai: Dar 40, Muscat 4, London 55
- Seva ya Frankfurt: Dar 70, Muscat 52, London 6

Usichague kwa wastani. Angalia anayeumia zaidi, kisha chagua seva inayompa huyo namba ndogo. Kwenye Dubai anayeumia ana 55, kwenye Frankfurt ana 70. Karatasi inaipa Dubai ushindi.

Lakini kumbuka hatua ya 4. Kama data ya huyu wa Dar inazungukia Marseille, Dubai kwake ni 115 na Frankfurt ni 70, na hukumu inageuka. Ndiyo maana kila mmoja lazima apime kwake na kuleta namba zake halisi, usiku mnaocheza. Kosa la kawaida ni mtu mmoja, aghalabu aliyeanzisha kundi, kuchagua seva inayompendeza yeye na wengine wakadhani wanacheza vibaya.

Kundi lote likiwa Afrika Mashariki, Johannesburg huwa chaguo la kwanza pale gemu inapokuwa na seva huko, kama Counter-Strike 2 na Dota 2. Kutoka Kampala kima cha chini ni 30 dhidi ya 37 ya Dubai. Pengo ni dogo, kwa hiyo pimeni zote mbili. Gemu isipokuwa na seva za Afrika, linganisheni Ghuba na Ulaya.

Kwenye Counter-Strike 2 weka kikomo cha pingi unayoikubali kwenye mipangilio, la sivyo gemu inaweza kukutupa mbali ikikosa wachezaji karibu. Kwenye gemu za simu zinazouliza ukanda mwanzoni, hakikisheni wote mmechagua mmoja kabla ya kualikana.

Mmefanikiwa mkiwa na: seva moja iliyoandikwa, na kila mmoja akijua pingi yake pale.

## Hatua ya 6: Gemu inapotumia kifaa cha mchezaji kama seva

Katika mechi nyingi za ana kwa ana, hasa za mpira na za mapigano, vifaa viwili huunganishwa moja kwa moja. Hapo umbali unaohesabika ni kati yenu ninyi. Kukiwa na mwenyeji, asiwe yule mwenye simu nzuri. Awe mwenye faiba na waya, anayekaa katikati ya wengine.

Wanaotaka seva yao, mathalani ya Minecraft, hukwama kwenye jambo moja: mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, kwa hiyo marafiki hawawezi kukufikia hata ukifungua mlango wa data (port) kwenye rauta. Angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa rauta. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, ndiyo hali yako. Usihangaike na mipangilio. Kodisheni seva ndogo Nairobi au Johannesburg mchangiane gharama.

## Hatua ya 7: VPN na satelaiti

VPN, huduma inayopitisha data yako kwenye seva yake kwanza, huongeza kituo katika safari. Inasaidia pale tu ambapo njia yako inazunguka na VPN ina kituo karibu nawe chenye njia iliyonyooka. Jaribu ya siku chache, rudia vipimo vya hatua ya 3, amua kwa namba. Njia yako ikiwa imenyooka tayari, VPN itakuongezea lagi tu. Programu za simu zinazodai kuongeza kasi ya gemu zina kikomo hichohicho.

Satelaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni karibu milisekunde 480 kabla ya kitu kingine chochote. Sahau gemu za kasi hapo. Satelaiti za Starlink hukaa kilomita 550 hivi, na swali lao ni wapi data inaingia kwenye mtandao wa nchi kavu. Huduma ilianza Kenya Julai 2023, lakini pingi ilishuka kwa kishindo Januari 2025 kituo cha Starlink kilipofunguliwa Nairobi. Kabla ya hapo data ilikuwa ikitokea mbali.

## Hatua ya 8: Chagua gemu kwa pingi iliyobaki

Ukishafanya yote, kilichobaki ni umbali wenyewe. Haya ni maoni yangu kuhusu kinachochezeka:

- Chini ya 60: chochote, hata mapigano na mpira wa ana kwa ana.
- 60 hadi 100: gemu za risasi ziko sawa. Mpira unaanza kuwa mzito mguuni.
- 100 hadi 150: vita vya wachezaji wengi kwenye ramani kubwa. Tafuta nafasi ya kulenga kwa mbali badala ya kukimbiliana kwenye kona, kwa sababu anayechungulia kwanza ana faida na lagi huikuza.
- Zaidi ya 150: mikakati, mbio za ushirikiano, michezo ya zamu kama chesi na karata.

Wapenda mapigano watafute gemu zenye mfumo wa kutabiri kitendo cha mpinzani na kujisahihisha, kama Street Fighter 6 na Guilty Gear Strive. Picha moja kwenye gemu ya picha 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7, pingi ya 100 ni picha sita. Mfumo huo huzificha nyingi kati ya hizo, wakati ule wa kusubiriana huzifanya zote zisikike kwenye vidole.

Rudieni vipimo vya hatua ya 3 kila mmoja anapohama nyumba au kubadili mtoa huduma, na kila mnaposikia mkongo umekatika. Seva iliyokuwa bora mwezi uliopita huenda leo ni ya pili.